Ramani ya majibu iliyozimwa

Mwaka 2025 ilitimia miaka 30 tangu Erik Selberg na Oren Etzioni wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wazindue MetaCrawler. Uliandika swali mara moja, nayo ikaliuliza kwa injini kadhaa za utafutaji, ikakusanya majibu na kufuta yaliyojirudia. Wawili hao walishikilia kwamba hakuna injini moja inayotosha.

Anayetafuta habari za wilaya ya Rungwe, Tanzania, hahitaji kushawishiwa, maana habari hizo zimetawanyika chini ya majina mengi. Mji wa Tukuyu Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, na wenyeji wake, Wanyakyusa, waliandikwa kwa jina la Konde. Shabiki wa soka anaitaka Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Mwingine anamtaka kipunji, kima ambaye wanasayansi walimgundua mwaka 2003.

Tatizo la MetaCrawler lilikuwa pesa. Injini zilikula kwa matangazo, na huyu dalali alimpa mtu majibu bila kumfikisha dukani kwao. MetaCrawler yenyewe ikaishia mikononi mwa kampuni ya Go2Net.

Kilichonivutia zaidi kilikuja mwaka 2001 kutoka Clermont-Ferrand, mji wa Ufaransa uliozungukwa na milima ya volkano kama ilivyo Tukuyu. Laurent na Nicolas Baleydier walianzisha KartOO, iliyokusanya majibu ya injini nyingi na kuyachora kama ramani. Kila tovuti ilikuwa alama, kubwa zaidi kadiri ilivyolifaa swali. Katikati yalikaa maneno, na mistari ilionyesha tovuti zipi zinahusiana kwa neno lipi. Ungeandika “Tukuyu”, huenda chai ingekaa upande huu, wamisionari Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 upande ule, na Neu-Langenburg ikajitokeza mahali fulani hata kwa mwanafunzi asiyewahi kulisikia jina hilo. Orodha ya kawaida ya majibu haimfanyii hivyo. Asiyelijua jina hataliandika.

Wapinzani walisema ramani inachosha macho, kwamba mistari kumi ya maandishi husomeka upesi zaidi. Ni kweli, kwa mtu anayejua anachokitafuta. Watu wengi walichagua upesi, Google ikatamba.

Injini nyingine, Grokker, iliyopanga majibu ndani ya miduara, ilifungwa mwaka 2009. KartOO ikafuata Januari 2010. Vivisimo, iliyoyagawa majibu kwa mafungu, ilinunuliwa na IBM mwaka 2012. Ramani za KartOO zilichorwa kwa Flash, programu ambayo Adobe iliacha kuihudumia mwishoni mwa 2020, kwa hiyo hata aliyezihifadhi hawezi kuzifungua kwa kivinjari cha kawaida bila msaada wa programu nyingine.