Mpini, Makali na Ala: Kisu na Sheria katika Nchi ya Kilwa

Wahenga wetu walipotaka kumwonya mtu anayeshindana na aliyemzidi nguvu, walimwambia kwamba yeye ameshika makali, mwenzake ameshika mpini. Usemi huo ni mfupi, lakini una elimu ya sheria ndani yake. Chombo ni kimoja. Haki na jeraha hutegemea mkono umeshika wapi. Nasi katika makala haya tunakusudia kukitazama kisu kwa njia hiyo hiyo, mpini kwanza, kisha makali, kisha ala, tukiwa tumesimama Kikole, kijiji cha bara katika Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi. Tunafanya hivyo kwa sababu vijana wetu wanaosafiri, au wanaoagiza vitu ng'ambo, hukutana na kisu cha namna nyingine: kisu cha kufyatuka, ambacho ukibonyeza kitufe makali huruka yenyewe kutoka katika mpini. Mtu aweza kukinunua kama anunuavyo kalamu, asijue kwamba katika nchi kadhaa ameshanunua kesi.

Mtu wa Kilwa hana kisu kimoja. Mkulima ana panga na mundu. Mgema hupanda mnazi na kotama yake. Mvuvi ana kisu cha kupasulia samaki, kinyozi ana wembe, ngariba ana kijembe, na bwana harusi wa pwani hufunga jambia kiunoni. Tukiyatazama majina hayo tunaona kwamba kwetu jina la kisu ni jina la kazi. Hatukuwa na desturi ya kuuliza kisu kina urefu gani. Tuliuliza ni cha kazi gani. Swali hilo tulishike, maana tutalikuta tena mbele ya hakimu.

Tuanze na mpini. Kikole imezungukwa na misitu yenye mpingo, mti mweusi, mzito kiasi cha kuzama majini, ambao Wamakonde huuchonga vinyago na mafundi wa Ulaya huufanyia zumari zao. Mpini wa mpingo haupasuki upesi wala haulewi maji, na kwa hiyo watengenezaji wa visu wa nchi nyingi huupenda. Kwa miaka mingi magogo ya kusini yalikwenda na malori, wanakijiji wakabaki na visiki. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji uwezo wa kuwa na misitu yao ya hifadhi, kuisimamia, na kuuza mazao yake kwa faida ya kijiji. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kwa msaada wa shirika la kuhifadhi mpingo lililoko Kilwa, nayo ikatajwa kuwa ya kwanza katika Afrika miongoni mwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Basi anayenunua kisu chenye mpini mweusi ana swali la kwanza la kisheria kabla hajayagusa makali: mti huu ulikatwa wapi, na kwa idhini ya nani?

Mipini mingine ina hadithi nzito zaidi. Nyuma ya Kilwa limelala pori la Selous, na kwa muda mrefu pembe za tembo na za vifaru zilishuka pwani kutoka bara. Pembe ya kifaru ilithaminiwa sana Yemeni kwa mipini ya majambia. Mtu aliyefunga jambia la namna hiyo alijulikana kuwa mwenye cheo. Heshima hiyo ya kiunoni ililipwa kwa damu huku kwetu, vifaru wakapungua mpaka karibu kutoweka. Biashara ya kimataifa ya pembe za vifaru ilikatazwa mwaka 1977, Yemeni ikazuia kuziingiza nchini mwake mwaka 1982, na mwaka 1989 ulimwengu ukakubali kukataza biashara ya meno ya tembo, Tanzania ikiwa mstari wa mbele katika kuomba hivyo. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, anayekutwa na nyara za serikali bila kibali ana hatia, hata kama nyara yenyewe ni kipande kilichochongwa mpini. Makali yaweza kuwa halali na mpini ukamfunga mtu.

Sasa makali. Chuma cha pwani yetu kina sifa ya kale. Katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba chuma cha Sofala kilinunuliwa na kupelekwa India, ambako kilifuliwa panga bora. Baadaye Kilwa ndiyo iliyoishika biashara ya Sofala. Lakini wenye chuma hawakuachwa wakae na chuma chao. Mwaka 1505 Wareno walishuka Kilwa Kisiwani kwa silaha. Mwaka 1890 Wajerumani waliipiga Kilwa Kivinje kwa mizinga, na mwaka 1895 wakamnyonga huko Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga. Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba ya mkoloni, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Vilipozimwa, waliokuja kujisalimisha walitakiwa watoe bunduki, mikuki, pinde na mishale yao.

Hapo ndipo tunapoona mpaka wa nguvu za mtawala. Mkuki aliweza kuutaka. Panga la shamba na kisu cha jikoni hakuweza. Hakuna serikali iwezayo kuwanyang'anya watu kila chenye makali, kisha ikangojea mavuno na kodi. Kwa sababu hiyo sheria ya kisu, popote ilipotungwa kwa busara, imelazimika kumtazama mtu na nia yake, isitazame chuma peke yake.

Ndivyo ilivyo katika Kanuni ya Adhabu iliyotungwa wakati wa Mwingereza mwaka 1945, ambayo pamoja na marekebisho mengi ndiyo tunayoitumia hata leo. Humo imeandikwa kwamba mtu anayetembea hadharani akiwa na silaha, bila sababu ya halali, kwa namna ya kutia watu hofu, anatenda kosa, na silaha yake itachukuliwa. Kwa upande wa bunduki tunayo sheria yake, ya mwaka 2015, yenye leseni na masharti. Kisu hakina leseni. Lakini asidhani mtu kwamba kisichokuwa na leseni hakina sheria. Anayeiba kwa kutisha watu na kisu ametenda unyang'anyi wa kutumia silaha, na adhabu yake haipungui miaka 30 gerezani. Panga lile lile linalompa mkulima chakula mchana laweza kumpa mwizi miaka 30 usiku.

Tumefika kwenye ala. Watu huidharau, wakiiona ni ngozi tu ya kuzuia makali yasimkate mwenyewe. Sisi tunaiona kuwa ndiyo adabu ya kisu. Jambia hufungwa mbele ya kiuno, lionekane. Ndugu zetu wa Omani wameliweka hata kwenye bendera yao ya mwaka 1970. Anayeingia barazani na jambia alani amewaambia wote kwamba anacho, na kwamba hakukusudia kukitoa. Mkono ukienda kwenye mpini, kila mtu anaona, na wazee wanapata nafasi ya kusema neno. Nafasi hiyo ndogo, kati ya mkono kugusa mpini na makali kutoka alani, imeokoa roho nyingi.

Kisu cha kufyatuka kimeiondoa nafasi hiyo. Ala yake ni mpini wake. Makali yamelala ndani, yamezuiwa na kamani, au springi kama wasemavyo mafundi. Kitufe kikibonyezwa, yako nje. Mfukoni hakionekani, mkononi hakitofautiani sana na kipande cha mti. Fundi au mvuvi ambaye mkono wake mmoja umeshika kamba aweza kuwa na haja nacho ya kweli. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 magazeti na sinema za Marekani zilikifanya kuwa alama ya vijana wa magenge, na watunga sheria wakaingiwa na wasiwasi. Marekani ilitunga sheria mwaka 1958 ya kuzuia kukiingiza nchini na kukifanyia biashara baina ya majimbo, huku kila jimbo likiwa na sheria yake. Uingereza ilikataza mwaka 1959 kukitengeneza na kukiuza, na tangu Julai 2021 hata kukiweka nyumbani ni kosa. Ujerumani, iliyokuwa ikiviruhusu baadhi, ilivikataza mwishoni mwa Oktoba 2024, isipokuwa kwa wachache wenye haja inayotambuliwa na sheria.

Kwa hiyo kijana wa Kilwa anayekinunua mahali kinapouzwa waziwazi, kisha akashuka nacho London, ataulizwa na askari jambo ambalo muuza duka hakumwambia. Kutojua sheria hakutamsaidia. Tunamshauri aulize mara tatu kabla ya kutoa fedha: sheria ya pale anaponunua, sheria ya kila bandari atakayopitia, na sheria ya nyumbani, kwa kuwauliza maofisa wa forodha na polisi kabla mzigo haujafika. Asikipandishe ndegeni mkononi kamwe. Auulizie mpini kama anavyouulizia bei. Juu ya yote, ajiulize mwenyewe lile swali la wazee: ni cha kazi gani? Akiwa na jibu la kamba, la samaki au la mti, amekwisha kukipa jina. Akijibu kwamba ni kwa ajili ya watu, basi nacho amekipa jina, na jina hilo ni silaha.

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma na mashairi peke yake. Umo pia katika namna tunavyompa mwenzetu kisu. Mtoto wa Kilwa hufundishwa kugeuza mpini uelekee kwa anayepokea, makali yabaki upande wake mwenyewe. Hakuna ofisa aliyeuandika mwenendo huo, wala hakuna faini kwa anayeuvunja. Lakini umelinda mikono mingi kabla sheria zote tulizozitaja hazijatungwa. Ambaye kisu chake hakina ala hana budi yeye mwenyewe awe ala yake.