Mnyoo Asiyekomaa na Mihogo ya Bungoma

Muhogo unaougua michirizi ya kahawia haujitangazi. Ukipita shambani Bungoma, au huku kwetu Kwanza, Trans Nzoia, yanakotawala mahindi, utaona mmea umesimama vizuri, majani ya chini yana umanjano kidogo kandokando ya mishipa. Siku ya kuvuna ndipo msiba unapojulikana. Kisu kinapita kwenye nyama nyeupe, kisha kinakutana na madoa ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo. Unakata upande wa pili, nako ni hayo hayo. Inauma sana, kwa sababu mwenye shamba alipalilia miezi yote hiyo akijua ana akiba ardhini.

Mtafiti H. H. Storey aliueleza ugonjwa huu mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, katika Tanzania ya leo. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa balaa la pwani, hadi ulipozuka Uganda mwaka 2004 na kuenea magharibi mwa Kenya. Nzi weupe huueneza, na hata sisi wenyewe, tunapoombana pingili za kupanda. Virusi vyake ni vya RNA, molekuli inayobeba maagizo ya jeni.

Kinga iliyobuniwa dhidi yake nayo ni ya RNA, na kuielewa kwake kulipitia kwa mnyoo wa milimita moja. Wanasayansi wa Marekani Victor Ambros na Gary Ruvkun walimchunguza mnyoo ambaye seli zake zilirudia hatua za utoto bila kukomaa. Mwaka 1993 walieleza sababu: alikosa kipande cha RNA cha herufi 22 hivi, ambacho kazi yake ni kunyamazisha jeni wakati wake ukipita. Ilidhaniwa ni mambo ya mnyoo tu, mpaka mwaka 2000 kipande kingine cha namna hiyo kilipopatikana hata kwa binadamu. Kiinitete cha panya kisichoweza kutengeneza vipande hivi hufa mapema. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 2024, na walistahili kitambo.

Mwaka 1998 wenzao Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa mnyoo wa aina hiyo hiyo, kuwa RNA ya nyuzi mbili hunyamazisha jeni inayofanana nayo. Mimea hujikinga na virusi kwa njia hiyo. Basi watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, wenzao wa Uganda na Kituo cha Danforth cha Marekani wakapandikiza kwenye muhogo vipande vya jeni za virusi, ili mmea uvitambue virusi hivyo na kuikatakata RNA yake. Juni 2021 Kenya iliidhinisha muhogo huo, hatua iliyofungua njia ya majaribio ya kitaifa.

Kabla ya hapo ulishajaribiwa Mtwapa, Kandara, na Alupe kule Busia, kwa jirani zetu. Na huko pia mzizi uling'olewa, ukapasuliwa kwa kisu, watu wakainama kutazama kama ndani ni peupe.