Nesi anatakiwa awe na sura gani? (Sehemu ya 1 hadi ya 5)

SEHEMU YA 1: Ujumbe

Leo siongelei chanjo wala uji wa mtoto. Wiki iliyopita nimepata ujumbe ukanikosesha usingizi, na mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, kwa hiyo usingizi naujua thamani yake.

Mama mmoja kaniandikia kwamba binti yake kachaguliwa chuo cha uuguzi. Ada ya kuanzia ipo, godoro limeshanunuliwa, ndoo na beseni vipo. Binti hataki kwenda. Anasema yeye ni mweusi sana, mfupi, ana chunusi, na manesi anaowaona kwenye mabango ni weupe, warembo, meno yamepangika. Mama alipofagia chumba akakuta makopo mawili ya mkorogo chini ya kitanda. Akaniuliza: "Mwanangu, ni kweli huko wanaangalia sura?"

Ningeweza kumjibu "hapana" nikalala. Lakini ningekuwa nimemdanganya. Zipo nyakati waliangalia, tena kwa sheria iliyoandikwa. Kwa hiyo nimeamua kuwasimulia historia hiyo kidogo kidogo, ili mama amsomee binti yake jioni wakiwa jikoni.

Na mimi nina sababu yangu. Wanaonijua wanajua nina kovu la moto shavuni. Nilimwagikiwa chai nikiwa na miaka minne. Siku ya kwanza chuoni nilikaa kiti cha nyuma, upande wa ukutani, ili shavu hilo lisionekane. Nilikaa hapo muhula mzima. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, nanyamaza, maana wakigeuka kunitazama wataliona. Nilifeli mtihani mmoja niliokuwa nauweza kabisa, kwa sababu nilimwogopa mtu wa kunisimamia kwenye vitendo.

Kwa hiyo siandiki kama mtu aliyesimama ng'ambo ya mto. Twende.

SEHEMU YA 2: Ukiwa mzuri, kazi hupati

Tuanzie Marekani, mwaka 1861. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeanza, majeruhi ni wengi, na hospitali za jeshi zimezoea wauguzi wanaume, wengi wao askari wanaopata nafuu. Mwanamke kuosha kidonda cha mwanaume asiyemjua lilikuwa jambo la kusemwa mtaani. Serikali ya kaskazini ikamteua mama mmoja, Dorothea Dix, awe msimamizi wa wauguzi wanawake wa jeshi.

Dix alijua anatazamwa na kila mtu. Madaktari wengi hawakutaka wanawake wodini, na watu walikuwa wanasema wasichana wanakwenda kule kutafuta waume. Akaweka masharti makali. Mwanzoni alitaka wanawake waliopita miaka 30, wasio na mvuto wa sura. Waraka wa mwaka 1862 ukataja umri wa miaka 35 hadi 50. Nguo ziwe za rangi ya kahawia, kijivu au nyeusi. Mapambo marufuku, nywele za mawimbi marufuku, na zile sketi pana za waya zilizokuwa fasheni wakati ule, marufuku.

Soma tena hapo, mama. Binti yako anaogopa kukataliwa kwa kuwa hana urembo. Wale walikataliwa kwa kuwa nao!

Julai 1863 yakatokea mapigano ya Gettysburg. Siku tatu tu, na majeruhi zaidi ya 20,000 wakabaki kwenye makanisa, mabanda na mashamba. Msichana mmoja wa miaka 23, Cornelia Hancock, akaondoka kwao New Jersey kwenda kusaidia. Njiani Dix akawakagua wanawake waliokuwa wanasafiri. Wengine wakapita. Hancock akakataliwa: mdogo mno, na mashavu yamenawiri mno.

Unajua alifanya nini? Hakubishana. Alikwenda akapanda treni, akakaa kwenye kiti chake, akagoma kushuka mpaka Gettysburg. Alipofika kule hakuna aliyemuuliza umri. Walimuuliza kama anaweza kugawa chakula na kuwaandikia wagonjwa barua za nyumbani. Askari wale baadaye wakamtengenezea medali ya fedha kumshukuru.

Oktoba mwaka huohuo serikali ikampunguzia Dix mamlaka, ikamruhusu daktari mkuu wa jeshi naye kuteua wauguzi. Simsemi Dix vibaya, aliwafungulia wanawake wengi mlango. Lakini sheria yake ya sura ilitokana na hofu ya maneno ya watu. Mgonjwa hakuwemo ndani yake.

SEHEMU YA 3: Walioambiwa "si nyie"

Sasa tuje kwenye rangi ya ngozi, maana mkorogo ndio uliotuleta hapa.

Mary Seacole alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1805. Mama yake alikuwa mganga wa dawa za asili aliyeendesha nyumba ya wageni, na Mary alijifunza kwake. Alishauguza wagonjwa wa kipindupindu Jamaika na Panama. Mwaka 1854 Uingereza ilipokuwa inapigana vita vya Crimea, na Florence Nightingale anaondoka na wauguzi 38, Seacole naye alikuwa London akiomba kwenda. Aligonga mlango huu, akagonga ule. Wote wakamkatalia. Katika kitabu chake cha mwaka 1857 anaeleza jinsi alivyojiuliza, akiwa na machozi, kama ni kwa sababu damu yake inapita chini ya ngozi nyeusi kuliko ya kwao.

Alijilipia nauli mwenyewe. Mwaka 1855 akafungua nyumba yake karibu na Balaclava, akauza chakula na vinywaji, akatibu askari, na mara nyingine akaenda na dawa zake mpaka karibu na uwanja wa mapigano. Aliporudi Uingereza amefilisika, askari na maofisa ndio waliomchangia.

Wa pili ni Mary Eliza Mahoney wa Boston, aliyezaliwa mwaka 1845. Huyu alikuwa mweusi, na mwili wake mdogo, hata kilo 50 hakufika. Alifanya kazi kwenye hospitali moja ya wanawake na watoto pale Boston miaka mingi: kupika, kufua, kusafisha. Hospitali hiyohiyo ilikuwa na shule ya uuguzi. Mwaka 1878 akakubaliwa kuingia darasani. Kozi ilikuwa ya miezi 16, na siku ya kazi ilianza alfajiri mpaka usiku. Kundi lake lilikuwa na wanafunzi 42. Waliomaliza mwaka 1879 walikuwa 4, na yeye mmojawapo. Anahesabiwa kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu mafunzo ya uuguzi.

Na kwetu Afrika yupo Kofoworola Pratt wa Nigeria. Mwaka 1946 aliingia St Thomas' Hospital, London, kwenye shule iliyoanzishwa na Nightingale mwenyewe. Kuna mgonjwa aliyekataa kuhudumiwa naye kwa sababu ya rangi yake. Alimaliza, akarudi nyumbani, na baadaye akawa mwuguzi mkuu wa Nigeria nzima.

Mtu anaweza kuniambia, "nesi, hao ni mashujaa, binti yangu si shujaa." Sawa. Ninachotaka uone ni kwamba ngozi zao hazikubadilika hata kidogo. Ila milango ilibadilika, na ilibadilika kwa sababu kuna waliokaa darasani huku wakiangaliwa vibaya.

SEHEMU YA 4: Kipimo kinageuka

Hii ndiyo sehemu inayonichekesha na kunikera kwa pamoja.

Mwaka 1930 nesi mmoja wa Marekani, Ellen Church, alikwenda kwenye kampuni ya ndege ya Boeing Air Transport. Alishajifunza kurusha ndege na alitaka kuwa rubani. Hilo hawakumpa. Akawaambia basi, watu wanaogopa kupanda ndege, wekeni manesi ndani, abiria watatulia. Wazo likakubaliwa. Tarehe 15 Mei 1930 akapanda kama mhudumu wa kwanza mwanamke wa ndege ya abiria. Waliochaguliwa kuanza walikuwa manesi 8.

Masharti yake yalikuwaje? Uwe nesi aliyesajiliwa. Usiwe umeolewa. Usizidi miaka 25. Usizidi pauni 115, yaani kama kilo 52. Usizidi urefu wa kama sentimita 163.

Sehemu ya sababu inaeleweka, ndege zile zilikuwa ndogo, dari fupi, na kila kilo ilihesabiwa. Lakini huo usichana na kutoolewa, ndege inabeba kwa shida gani?

Ziweke sheria mbili hizi mezani pamoja. 1862: uwe mtu mzima wa miaka 35 na kuendelea, usiwe na mvuto. 1930: usizidi miaka 25, uwe mdogo na mwembamba. Nchi ni ileile, na haijapita hata miaka 70. Nesi aliyependeza kwa sheria ya kwanza angefukuzwa na ya pili. Sasa mwili gani ndio mwili wa nesi?

Vita Kuu ya Pili ilipofika, jeshi likawahitaji manesi, na mashirika ya ndege yakaacha kudai cheti cha uuguzi. Kudai msichana mwembamba mzuri hawakuacha, waliendelea miaka mingi. Hapo ndipo utajua uzuri ulikuwa unamhudumia nani.

SEHEMU YA 5: Jibu langu kwa mama na binti

Mama yangu, nimechelewa kukujibu, unisamehe. Hili ndilo jibu.

Chuoni wataangalia mambo ya mwili wake, ndiyo. Watamwambia akate kucha na asibandike za bandia, kwa sababu chini ya kucha ndefu vijidudu vinajificha na vinaweza kuhamia kwa mtoto mchanga. Watamwambia afunge nywele zisiangukie kidonda. Watamwambia avue pete na bangili, ili anawe mikono vizuri. Kila sharti la namna hii, amuulize mwalimu: linamlinda nani? Likimlinda mgonjwa, alitii bila kinyongo. Likilinda macho ya watu tu, alijue ni la macho ya watu, asilipeleke kitandani kulilia.

Halafu yale makopo. Mikorogo mingi ina haidrokwinoni, steroidi kali, au zebaki. Steroidi ikipakwa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, inachanika kirahisi, kidonda kinachelewa kupona. Zebaki inaharibu figo, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Tena haikai kwa anayejipaka tu, inahamia kwenye taulo, kwenye shuka, na kwa mdogo wake anayelala naye. Nesi ananawa mikono siku nzima, kwa hiyo ngozi nzima ndiyo kinga yake ya kwanza.

Usimtupie makopo kwa kelele. Kama amepaka kwa muda mrefu, mpeleke kituo cha afya na makopo yenyewe mkononi, maana steroidi ikikatishwa ghafla uso unaweza kuwaka na kuvimba, naye ataogopa arudie. Na chunusi zina matibabu. Amwambie daktari bila aibu.

Kuhusu mimi na kovu langu. Mwaka wa pili nilipangwa wodi ya watoto walioungua. Kuna mtoto alikuwa anakataa kufungwa bandeji, analia mpaka sauti inakauka. Akaninyooshea kidole shavuni, akauliza, "Na wewe uliungua?" Nikamwambia ndiyo, chai. Akauliza, "Bado inauma?" Nikasema hapana, siku nyingi. Mama yake, aliyekuwa hajaongea tangu asubuhi, akaniuliza ilichukua muda gani kupona. Tukaongea. Mtoto alilia tena siku ile, msidhani alinyamaza. Lakini mkono alinipa.

Muhula uliofuata nilihamia kiti cha mbele. Kovu sikuliona zuri, na mpaka leo silioni zuri. Nilitaka tu kusikia mwalimu anasema nini.

Mwambie binti achukue godoro lake aende. Akifika, akae mbele. Na wewe uliyesoma mpaka hapa na una binti kidato cha nne anayejitazama kwenye kioo cha simu kila dakika, usimwambie "achana na mambo ya sura". Kaa naye. Muulize nani alimwambia nini, na lini. Mara nyingi kuna mtu alimwambia neno moja, na wakati mwingine mtu huyo ni sisi wenyewe.

Kesho naingia zamu ya asubuhi. Wiki ijayo tunarudi kwenye homa za watoto.