Ukurasa mwepesi: mambo ya kujua kabla hujapandisha picha

Wadau, swali naloulizwa sana na wenzangu wanaoanza kuandika mtandaoni ni hili: mbona ukurasa wangu unachelewa kufunguka? Mimi shule niliishia kidato cha nne, siyo injinia, lakini hesabu yake ni ya darasa la saba tu.

Baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo picha ya simu yenye MB 4 ni kama megabiti 32. Msomaji mwenye mtandao wa kilobiti 400 kwa sekunde ataisubiri sekunde 80, na hiyo ni picha moja! Ikiwa KB 100, anaipata kwa sekunde 2. Na bando linalokatwa ni lake, siyo lako.

Tufanyeje sasa?

1. Picha. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ukiifanya 800 kwa 600 zinabaki 480,000, yaani sehemu 1 ya 25, na kwenye simu inaonekana safi tu. Ila ipunguze KABLA ya kuipandisha. Ukiivuta kona ikiwa tayari iko kwenye ukurasa, unabadili mwonekano tu, faili ni lile lile. Ihifadhi kama JPEG au WebP. PNG iachie nembo na michoro.

2. Madoido. Fonti za kuazima, vihesabu wageni, video zinazojicheza zenyewe, vyote hivyo vinaongeza mzigo. Kisichomsaidia msomaji, toa.

3. Maandishi. Mwambie anayekutunzia seva awashe gzip. Maandishi yanabanwa yakiwa njiani na msomaji anayapata kamili.

Msidhani haya ni ya sisi wadogo tu. Mwaka 2009 Chris Zacharias, aliyekuwa akitengeneza kurasa za YouTube, alishusha ukurasa wa video kutoka MB 1.2 hadi KB 98. Ajabu, wastani wa muda wa kufunguka ukapanda! Kumbe watu wa Afrika, Amerika ya Kusini, Asia ya Kusini-Mashariki na Siberia walikuwa wameanza kuingia. Kwa hesabu yake, ukurasa wa zamani ungewachukua dakika 20, huu mpya dakika 2. Mwanzo hawakuonekana kwenye takwimu kwa sababu hawakuwa wanafika.

Hapo ndipo pa kuzingatia, jamani. Msomaji aliyeshindwa kufungua halalamiki, anaondoka kimya kimya.

Mwenye nyongeza, karibu.