Kwa nini namba ya Mwanza huanza na 028

Hebu isome namba ya simu ya mezani ya Mwanza kutoka kushoto: 255, kisha 28, kisha zilizobaki. 255 ni nchi, 28 ni Kanda ya Ziwa, zinazofuata zinashuka hadi mezani kwako. Mtambo wa simu ulioko Nairobi hauna haja ya kujua kama uko Kirumba au Igoma. Unajua 255 tu. Huko mbele watajuana wenyewe.

Faida yake ni ya hesabu. Mtandao ukiwa na vituo milioni moja, na kila kimoja kitunze orodha ya vyote, kikihama kimoja wote wanafuta na kuandika upya. Vipange kumikumi kwa ngazi sita, kila kituo kitabaki na majina kama 60 hivi. Mtunisia Farouk Kamoun na mwalimu wake Leonard Kleinrock walichapisha hesabu za namna hii kwa mitandao ya kompyuta mwaka 1977. Gharama waliiona pia: ujumbe unaweza kuzunguka, kwa sababu aliye ngazi ya juu haoni njia ya mkato.

Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la pamoja la posta na simu likaenda nayo. Ngazi ya namba haikufa: kutoka Tanzania, Kenya iliendelea kupigiwa kwa 005 na Uganda kwa 006, kijirani. Geita na Simiyu zilipofanywa mikoa mwaka 2012, zilibaki humohumo ndani ya 028.

Ila ngazi hiyo ilidhani simu haitembei. Mvuvi wa dagaa leo yuko Ukerewe, kesho visiwa vya Muleba. Namba yake ya mkononi haitaji mahali, kwa hiyo kampuni hutunza daftari: namba hii iko eneo fulani, lenye minara kadhaa. Akihama mnara ndani ya eneo, daftari haliguswi. Akivuka eneo, simu yenyewe hutoa taarifa. Ukimpigia, minara ya eneo lile humwita.

Sasa upepo umechafuka, yuko mbali na minara, nawe unaambiwa "haipatikani". Usidhani amezima. Mtandao umeita pale ulipomsikia mara ya mwisho, hakujibu. Zaidi ya hapo, ngazi haijui kitu.