Tembo wa Selous

Tembo wa Selous ni tembo wa savana (Loxodonta africana) wa Pori la Akiba la Selous, kusini-mashariki mwa Tanzania, kandokando ya Mto Rufiji na matawi yake. Miaka ya 1970 walikadiriwa kuzidi 100,000. Sensa iliyofanywa kwa ndege mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000.

Ujangili ulikuja kwa mawimbi mawili. La kwanza lilizimwa mwaka 1989 na Operesheni Uhai, iliyowaingiza wanajeshi na polisi porini pamoja na askari wa wanyamapori, ikisaidiwa na marufuku ya kimataifa ya biashara ya pembe. La pili, lililoshika kasi kuelekea 2010, lilivutwa na soko la Asia, hasa China. Pembe zilisafirishwa kwa makontena kupitia Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, na faida kubwa ilibaki kwa wenye makontena, si kwa aliyefyatua risasi. Ndiyo maana kukamata wapiga risasi peke yao hakukutosha. Mwaka 2019 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimfunga Yang Fenglan, mfanyabiashara wa Kichina, miaka 15 kwa magendo ya pembe.

Tembo huongezeka polepole: jike hubeba mimba kwa takriban miezi 22, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Pembezoni mwa pori, mashamba yanayoliwa huzua uhasama na wakulima.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo uwindaji hauruhusiwi.