Kuhama simu si kama kuhama chumba

Nilipotea kidogo, si mnajua tena mambo ya chuo. Leo nina kesi, naomba mnisikilize.

Juzi mshikaji wangu wa chumba karudi kutoka Kariakoo na iPhone ya mtumba. Inang'aa hiyo, acha! Anasema muuzaji kabakiza moja, na bei yake ni karibu bumu langu lote. "Acha ushamba mwanangu, hamia huku." Nikaitazama Android yangu yenye kioo kilichopasuka, nikaanza kutetereka. Lakini sisi tunaosoma historia tuna ugonjwa mmoja: kabla ya kuamua lazima tuulize, hivi waliohama kabla yetu yaliwakuta yapi?

Basi bwana, aliyehama kwa kishindo ni Nokia. Mwanzoni mwa 2011 ilikuwa bado inauza simu nyingi kuliko kampuni yoyote duniani, nyingi za kisasa zikitumia mfumo wa Symbian. Lakini iPhone ilikuwa imeingia sokoni 2007, na simu ya kwanza ya Android 2008. Februari 2011 bosi wa Nokia, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi kwamba kampuni ni kama mtu aliyesimama juu ya mtambo wa mafuta unaowaka moto katikati ya bahari: abaki aungue, au arukie maji ya barafu. Siku chache baadaye wakaruka. Hawakurukia Android, walirukia Windows Phone ya Microsoft.

Simu zenyewe hazikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa majirani. Chukua Instagram: iPhone waliipata Oktoba 2010, Android Aprili 2012, Windows Phone Novemba 2013. Watengenezaji wa programu hawaendi pasipo na watu, na watu hawaendi pasipo na programu. Kila mmoja anamsubiri mwenzake mlangoni. Microsoft ikainunua biashara ya simu ya Nokia kwa zaidi ya euro bilioni 5, dili likakamilika Aprili 2014. Julai 2015 ikakubali hasara ya dola bilioni 7.6. Na tarehe 31 Desemba 2019 WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye Windows Phone. Kwa heri.

BlackBerry nao walikuwa na BBM, utamu wa watu enzi zile. Waliifungia kwenye simu zao wenyewe mpaka Oktoba 2013 ndipo wakawafungulia wa Android na iPhone. Too late, kama anavyosema mhadhiri wetu ukimpelekea kazi kesho yake: watu walishakaa WhatsApp. BBM ya watu wa kawaida ilifungwa 31 Mei 2019, na Januari 2022 BlackBerry za zamani zikakatiwa huduma.

Somo nililolipata ni hili: mfumo haufi kwa sababu simu ni mbovu. Unakufa jirani zako wakihama, na anayefunga mlango si wewe, ni mwenye nyumba. Kwa hiyo swali si "ipi kali?" Swali ni "siku nikiondoka, natoka na nini?"

Pesa hazinipi shida. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na kwetu 2008, nayo imekaa kwenye laini. Hata kwenye kitochi unabonyeza *150*00# mambo yanakwenda.

Kinachonipa shida ni bibi. Kwenye WhatsApp nina jumbe zake za sauti alizonitumia nikiwa mwaka wa kwanza, kabla hajafariki. Moja ananiuliza tu kama nimekula. Nimesoma kwamba kabla ya 2022 hapakuwa na njia rasmi ya kuhamisha mazungumzo ya WhatsApp kutoka Android kwenda iPhone. Siku hizi ipo, ila iPhone iwe mpya au ifutwe kwanza ianze upya. Yaani miaka yote ile, mtu akihama alikuwa anaacha sauti za watu wake nyuma. Nilikaa kimya kidogo.

Basi usiku ule ule nikazitoa sauti zote, nikaziweka kwenye flashi, na nakala nyingine kwenye kompyuta ya dada. Sasa bibi hakai kwa Google wala kwa Apple. Anakaa kwetu.

Na uamuzi? Sihami. Bumu ni la utafiti, lazima niende kijijini kuhoji wazee mwezi ujao. Nitabadilisha kioo tu. Mshikaji kanicheka mpaka kashika mbavu. Ila asubuhi nikamkuta anauliza, "Hivi zile sauti ulizitoaje?"

Haya, ngoja nilale, kesho kipindi saa moja kamili. Nanyi mnaotaka kuhama, tangulizeni mizigo kwanza.